Rivyu yangu ya mafunzo ya uongozi kwa wanawake wenye ulemavu Mombasa: nyota tatu na nusu

Wengi mmeniuliza inboksi kama yale mafunzo ya uongozi na kujitetea ya kina dada wenye ulemavu yaliyofanyika hapa Mombasa yanafaa ama ni kupoteza muda tu, nikaona heri niandike mara moja kila mtu asome. Jina la shirika silitaji, manake mengine ntakayosema si matamu na mimi sina pesa za wakili, lakini walio kwenye magrupu yetu washajua ni akina nani. Jibu fupi: wakifungua tena, nenda. Jibu refu ndio hili, na ni refu kweli.

Mimi natembea kwa magongo, polio ilinipitia nikiwa mdogo, na nashona nguo Likoni. Semina nimezihudhuria za kutosha, zile za kupewa kalamu na daftari, mnapigwa picha na bango, mnakula, mnarudi nyumbani na hata mada huikumbuki. Kwa hiyo nilienda nimekunja uso, na hizo nyota hapo juu sikuzitoa kwa upole.

Kuanzia kujiandikisha tu nikaona hawa wako tofauti kidogo. Fomu ilikuwepo ya kujaza kwenye simu, lakini kama kuandika kunakupa shida ulikuwa unaruhusiwa kutuma voisi Wasapu ukajieleza, na jirani yangu ambaye ni kiziwi alituma video anaongea kwa lugha ya ishara ikakubaliwa vilevile, hakuambiwa atafute mtu amwandikie. Barua ya chifu hawakutaka, ruhusa ya mume hawakuuliza (mnacheka, lakini kuna semina nishawahi kuulizwa "mzee amekubali?"). Na kulikuwa na swali moja kwenye fomu lilinikalisha, waliuliza ni jambo gani mtaani kwako ungetaka libadilike na ni nani mwenye mamlaka ya kulibadilisha. Hilo la kwanza najua kila mtu ana orodha, la pili ndio kazi.

Ada hakuna, ni bure, chakula wanatoa, nauli wanarudisha. Hapo kwenye nauli tutarudi, tena kwa hasira.

Ukumbi ulikuwa hoteli moja upande wa kisiwani. Rampu ipo lakini ukiangalia vizuri unaona hiyo iliwekwa kwa ajili ya mizigo ya wageni, ni kali, dada wa wilchea hapandi bila kusukumwa, na choo cha ghorofa ya mikutano mlango wake mwembamba wilchea haipiti, ikabidi wawe wanashushwa kwa lifti mpaka chini kwa reception kila wakitaka kujisaidia. Sasa fikiria uko kwenye kipindi kitamu cha haki ya kufika kila mahali na wewe umebana mkojo unahesabu dakika. Mmoja alisimamisha kipindi akasema haya basi tuanzie hapa hapa, huu mlango, tunamwandikia nani? Na walimwita meneja wa hoteli kweli, akaja, akasimama mbele yetu akajieleza jasho linamtoka. Kwangu mimi hicho ndicho kilikuwa kipindi cha kwanza cha maana, na hakikuwa hata kwenye ratiba.

Kwenye ratiba yenyewe, siku ya kwanza nusu nzima waliimaliza na bwana mmoja wa suti kutoka Nairobi, mzungumzaji wa kutia moyo, hana ulemavu wowote anaoujua yeye, akatuambia ulemavu si kutojiweza, akatufanya tusimame (tusimame!) tupige makofi tuseme mimi naweza. Dada aliyekaa karibu nami kwenye wilchea akaniangalia, mi nikaangalia dari. Jamani mashirika, huyu mtu na hela mlizomlipa zingetosha kuongeza mkalimani wa pili. Mkalimani wa lugha ya ishara alikuwa mmoja tu kutwa nzima, na kila anayejua hiyo kazi anajua wanatakiwa wawili wapokezane kila nusu saa hivi, manake mikono inachoka na akili inachoka, mpaka ikifika saa tisa alasiri yule dada alikuwa anafupisha, mwezeshaji anaongea maneno hamsini yeye anatoa matano, na viziwi wetu ndio waliokosa.

Ila siku ya sheria, aah, hapo nawavulia kilemba. Mwezeshaji alikuwa wakili, mwanamke asiyeona, na Katiba iko kichwani hana haja ya karatasi. Hakuanza na ibara. Alianza kwa kutuuliza nani hapa kwenye chama chake cha watu wenye ulemavu ana cheo, mikono ikainuka, cheo gani, mweka hazina, katibu, mweka hazina, anayeshughulikia chai. Mwenyekiti? Mikono chini. Akasema sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu Kenya kama asilimia 2.2, na wanawake wako asilimia 2.5, wanaume 1.9, yaani sisi ndio wengi, lakini kwenye vyama vya walemavu viongozi ni wanaume, halafu ukienda kwa vikundi vya wanawake huko nako hutakuta mwenye magongo mezani mbele, utamkuta kwenye orodha ya kupewa unga. Kote kuwili tuko na kote kuwili hatuongei. Chumba kilinyamaza.

Halafu ndio akaingia Ibara ya 54, ile inayosema angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Akatuambia tupige hesabu, Mombasa ina wadi 30, kila moja na mwakilishi wake bunge la kaunti, asilimia 5 ni wangapi? Mtu na nusu! Tulicheka sana, mtu mmoja akasema huyo nusu ni mimi sina mguu (ucheshi wetu sisi kwa sisi, usiuchukue ukautumie kwa ofisi yako). Lakini akatuonyesha mambo kwa utaratibu, Ibara ya 177 kuhusu wanaoteuliwa bunge la kaunti, Ibara ya 98 ambayo Seneti ina viti viwili vya watu wenye ulemavu, mwanamume mmoja mwanamke mmoja. Hapo jina la Crystal Asige likatajwa na watu wakapiga makofi, manake ni mtoto wa Mombasa, mwanamuziki, alipoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa macho wa glakoma, akateuliwa seneta 2022 kupitia chama cha ODM na mwaka uliofuata akapeleka mswada wa watu wenye ulemavu ambao ukawa sheria Mei 2025, ikachukua nafasi ya ile sheria ya 2003. Miaka 22 tulikuwa na ile ya zamani.

Na sio kwamba wakili alituacha tushangilie tu. Akauliza, kiti cha kuteuliwa orodha anaandika nani? Chama. Chama kinamjua nani? Yule anayefika kwenye mikutano ya chama. Mikutano inafanyika wapi? Ghorofa ya pili bila lifti, usiku. Ndio akamtaja Tim Wanyonyi, anatumia wilchea na watu wa Westlands, Nairobi, walimpigia kura ya ubunge tangu 2013, kura kabisa za debeni, akatuuliza mwanamke wetu wa hivyo yuko wapi. Mjadala ulikuwa moto. Mimi nilibishana kwamba kiti cha kuteuliwa si cha kudharau, wengine wakasema ni kukaa kusubiri kuonewa huruma, na bado nashikilia langu, kwa sababu bila viti hivyo tungeongelewa na wengine mpaka kesho. Kulikuwa na mgeni kutoka Kampala akaeleza kwao Bunge lina viti vitano vya watu wenye ulemavu na lazima mwanamke awemo, na mabaraza ya huku chini nayo yana mwakilishi mwanamke na mwanamume mwenye ulemavu, kwa hiyo mtu anajifunza uongozi kuanzia karibu na kwao kabla hajafika mbali. Huyo mgeni walimpa dakika chache mno. Bwana wa suti walimpa nusu siku.

Kuna saa nzima iliyopotea kwa msamaha wa kodi, kwamba ukisajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na ukapata cheti cha msamaha, shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Vizuri. Mimi nikianza kupata 150,000 kwa mwezi ntawaalika nyote pilau. Chumba kizima kina mafundi, wauza mahamri, wasusi na wasio na kazi, mnatufundisha kodi ya mishahara ya wakurugenzi. Wangekaa zaidi kwenye ile asilimia 30 ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hapo mimi fundi nina swali la yunifomu za shule na wenzangu wana maswali ya kupika, lakini waliigusa wakaiacha.

Sasa sehemu ambayo ingekuwa peke yake ningetoa nyota tano bila kupepesa: kalenda ya bajeti ya kaunti. Nilidhani ntalala. Walibandika karatasi refu ukutani, na kwa wasioona ikasomwa taratibu na kila mtu akapewa kamba yenye mafundo aishike, kila fundo ni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka kaunti inaupeleka kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti yako bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Halafu mwezeshaji akauliza sisi huwa tunapiga kelele lini? Desemba 3, siku ya walemavu duniani, fulana mpya, tarumbeta, hotuba. Desemba! Yaani mpango ulishapelekwa tangu Septemba na mkakati wa hela unaandikwa wakati sisi tunacheza bendi uwanjani. Miaka yote hiyo tunalia mlangoni siku ambayo hakuna mtu ndani. Pia wakatuonyesha kwamba sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi bunge la kaunti, si lazima uwe shirika, si lazima uwe na mhuri, na tukaandika ombi letu pale pale, kila kikundi na wadi yake. La kwetu lilikuwa kitanda cha kujifungulia kinachoshuka chini kwenye kituo cha afya, kwa sababu vile vya kawaida ni virefu na dada mwenye mguu kama wangu anapandishwa na watu watatu huku uchungu umeshika, na rampu kwenye ofisi ya wadi.

Mazoezi ya kujisemea nayo yalikuwa raha. Unaigiza na mwenzako, mmoja nesi, mmoja wewe. Nesi anasema "na wewe pia umepata mimba?" Unajibu nini? Mwengine anaigiza karani wa benki anayeongea na mtu uliyekuja naye badala yako. Mwengine mama mkwe (huyo aliyeigiza mama mkwe alikuwa hatari, nadhani hakuwa anaigiza). Kilichonigusa ni dada mmoja mwenye mtindio wa ubongo, maneno yake yanatoka polepole, kwao kila kitu anajibiwa na mamake, na mamake alikuja naye kama msaidizi. Kanuni ya chumba ilikuwa swali linaenda kwa mwenyewe kwanza na tunasubiri, hata ichukue muda gani. Siku za mwanzo mama alikuwa anadakia, anazuiwa kwa adabu, "mama, tumpe nafasi". Wakili akaeleza ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, Kenya imeuridhia 2008, Ibara ya 12 inasema mtu mwenye ulemavu anatambuliwa mbele ya sheria sawa na wengine, na akihitaji msaada wa kuamua anasaidiwa, haamuliwi. Tulipokwenda ofisi ya wadi kwa ile kazi ya vitendo, karani akamuuliza mama, "huyu anasema nini?" Na yule dada akasema, tukasubiri, "Niulize mimi." Karani alitafuta pa kuangalia akakosa.

Niseme na hili ingawa najua kuna watakaokuja kunitolea povu. Alikuwepo mwenzetu mmoja huntha (aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kike moja kwa moja wala ya kiume), na pia ana ulemavu wa kusikia. Orodha ya mahudhurio ilikuwa na Ke na Me tu, akaiacha wazi, mtu wa usajili akaanza kumhoji mbele za watu, kitu ambacho hakikuwa sawa kabisa. Mwezeshaji akaingilia, ile sehemu ikafutwa kwenye fomu za siku zilizofuata. Kuna kina mama walinung'unika pembeni, mimi mwenyewe kwetu haya hayaongelewi, lakini serikali yenyewe ilihesabu huntha kwenye sensa ya 2019, watu 1,524, sasa kama sensa imewaona sisi tunaojua uchungu wa kutohesabiwa tutajifanya hatuwaoni? Na alichangia kuliko wengi, manake hospitali kwake ni mateso mara mbili, anazungumziwa kwa mkalimani mambo ya mwili wake mbele ya foleni. Shirika lilisema mafunzo ni ya wanawake na wa jinsia nyingine, basi liandae fomu na wafanyakazi wake kabla, isiwe mshiriki ndiye anawafundisha kwa aibu yake.

Haya, hasira niliyoahidi. Nauli walirudisha kiasi kimoja kwa kila mtu. Sawa kwa wote! Anayepanda matatu na anayelazimika kukodi tuktuk kutoka Changamwe kwa sababu makanga hawataki wilchea, wote bahasha moja. Mimi wa Likoni navuka feri kwa miguu bure, lakini maji yakitoka ule mteremko unakuwa mkali siwezi na magongo bila mtu wa kunishika, na huyo mtu naye ana nauli yake na tumbo lake. Wasaidizi siku ya kwanza hawakuhesabiwa chakula, wakawa wanagawana sahani na waliowaleta. Walirekebisha baada ya kelele, lakini nauli hawakurekebisha mpaka mwisho. Na makabrasha, breili ilikuja tumeshamaliza, na ule muhtasari wa sheria waliutuma Wasapu kama picha iliyoskaniwa, sasa wasioona simu zao zinasoma maandishi kwa sauti, picha haisomeki, simu inasema "picha" inanyamaza. Dada mmoja mwenye uoni hafifu akakaa usiku akaichapa yote upya kama meseji akaituma kwenye grupu. Yeye ndiye angepewa ile bahasha ya bwana wa suti.

Baada ya mafunzo? Hapa ndipo nyota moja imeanguka. Waliahidi kutufuatilia, na ufuatiliaji wenyewe ni mialiko ya kuja kupiga picha Machi 8 na Desemba 3. Grupu la Wasapu limejaa "asubuhi njema" na dua. Lakini wale tulioandika ombi tuliendelea wenyewe, tulipeleka, tukadai nakala yetu igongwe mhuri wa kupokelewa (hii usisahau, bila mhuri hujapeleka kitu), na mkutano wa maoni ya bajeti wa wadi tulikwenda tukakaa mbele. Rampu ya ofisi imejengwa, ina kona mbaya lakini ipo. Kitanda bado, wanasema kiko kwenye mapendekezo. Pia tumeanza kusajili kikundi chetu ofisi ya ustawi wa jamii, mnahitajika watu 10 kwenda juu, na mwenyekiti tumemchagua yule dada kiziwi jirani yangu, mikutano inaendeshwa kwa ishara na sisi wenye masikio ndio tunatafsiriwa, wengine imewabidi wajifunze kwa nguvu.

Kwa hiyo nani aende: kama una jambo mtaani linakukera na uko tayari kukaa na karatasi za bajeti, nenda, utafaidi. Kama unataka cheti cha kubandika ukutani nacho kipo, kimechapishwa vizuri tu, jina langu walikosea herufi. Kama wewe ni mama wa binti mwenye ulemavu nenda naye lakini ujiandae kukaa kimya, ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Wenye ulemavu wa akili walikuwa na makabrasha ya picha na sentensi fupi, hayo yalikuwa mazuri mpaka sisi wengine tukayaomba.

Nasikia awamu nyingine itakuwa Kilifi. Kabla hujakubali waandikie mapema, tena kwa maandishi, uulize wakalimani ni wangapi, nauli ya tuktuk wanalipa au la, msaidizi wako amehesabiwa, na choo kiko ghorofa gani, usikubali jibu la "tutaangalia". Na wakirudi Mombasa hoteli ileile, kaa upande wa mlangoni, feni za mbele hazifanyi kazi.